Jinsi ya Kufilisi Shamba la Timau Bila Kuhesabu Miguu

Mwongozo huu umeandaliwa kwa ajili ya mkulima wa Timau, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, mwenye shughuli nyingi. Ana ekari ya viazi, kipande cha ngano, ng'ombe wawili wa maziwa, na mgongo usiotaka kuinama. Wataalamu watamwambia ageuze jani, atazame kwa kiookuzi, ahesabu miguu. Asiwasikilize. Iko njia ya mkato ambayo wengi wetu tumeizoea, nayo inahitaji vitu vitatu tu: pampu ya mgongoni, hela za kukopa kwenye chama, na imani thabiti kwamba kila kinachotambaa ni adui yuleyule.

Hatua ya 1: Watie wote fungu moja

Wala usione haya, maana una mwenzako mwenye jina kubwa. Mwaka 1758, Carl Linnaeus wa Uswidi aliwagawa wanyama wote wa dunia katika makundi sita. Manne aliwapa wenye uti wa mgongo. Wasio na uti, ambao leo tunajua ni zaidi ya asilimia 95 ya spishi zote za wanyama, akawabana katika mawili yaliyobaki: wadudu na minyoo. Buibui, nge na kaa wakaitwa wadudu. Konokono na pweza wakaitwa minyoo.

Mwaka 1793, makumbusho ya taifa ya Paris yalimkabidhi Jean-Baptiste Lamarck kazi ya kuwapanga upya. Mpaka siku hiyo mzee huyo alikuwa mtu wa mimea. Ndiye aliyewatenga buibui na jamaa zake kutoka kwa wadudu, na minyoo wenye pingili kutoka kwa minyoo wengine. Leo makundi makuu ya wanyama yamepita 30. Wewe usijichoshe. Baki hapo 1758, hewa ni safi na hakuna mtihani.

Hatua ya 2: Nenda agroveti mikono mitupu

Usibebe jani lililoliwa wala mdudu mwenyewe kwenye chupa. Mazungumzo yaende hivi:

"Kijana, nipe dawa ya wadudu."

"Wadudu gani, mama?"

"Hawa wanaomaliza majani."

"Wana miguu mingapi?"

"Kwani nawanunulia viatu?"

Hapo kijana atacheka, atageuka kwenye rafu, na atakupa kile kilichobaki kingi. Swali lake, hata hivyo, lilikuwa la maana. Mdudu kamili ana sehemu tatu za mwili, yaani kichwa, kifua na tumbo, na miguu yake sita yote imeota kifuani. Ana vipapasio kichwani, na mara nyingi ana mabawa. Vidukari na nzige wako humo. Utitiri hawamo: hao ni ndugu wa buibui na kupe, wana miguu minane, hawana vipapasio wala mabawa. Dawa kama imidakloprid, inayowaangusha vidukari vizuri sana, utitiri huichukulia kama manyunyu ya asubuhi.

Kama unataka kuchanganyikiwa zaidi, kumbuka kwamba utitiri mchanga, sawa na kupe mchanga, huanguliwa akiwa na miguu sita. Miwili iliyobaki hufika baada ya kujivua ngozi. Kwa hiyo ukihesabu mmoja tu, tena mtoto, utakosea kwa ushahidi kamili.

Hatua ya 3: Anza kwa kuua askari

Ukitoka Nanyuki kuelekea Meru utaziona grinihausi za waridi. Katika kilimo cha waridi cha Kenya, kuna wanaonunua utitiri kwa pesa na kuwamwaga juu ya maua yao wenyewe. Si wazimu. Wanaomwagwa ni Phytoseiulus persimilis, utitiri wa rangi ya chungwa mwenye miguu mirefu, ambaye chakula chake ni utitiri mwenzake anayenyonya majani. Askari mmoja hula mayai hadi 20 kwa siku.

Geuza jani la waridi lililopata madoadoa meupe uone. Yule mwenye vidoa viwili vyeusi ubavuni, aliyetulia chini ya utando mwembamba kama mwenye nyumba, ndiye mwizi. Yule anayekimbia huku na huku bila kupumzika ndiye askari.

Sasa piga dawa kali inayoua bila kubagua. Askari atakufa kwanza, kwa kuwa yuko mbioni na anagusa kila mahali. Mwizi ana utando, ana mayai, na ana usugu wa miaka mingi. Kukiwa na joto, yai lake huwa mtu mzima kwa muda wa kama wiki moja. Wazee walisema mtupa jongoo hutupa na mti wake. Wewe umewapita wazee: umetupa mti, jongoo umembakiza mkononi.

Hatua ya 4: Tibu mizizi kwa kunyunyizia majani

Viazi vikidumaa na majani yakawa manjano, piga dawa ya majani. Isipofanya kazi, rudia. Chini ya udongo, nematodi wa viazi ataendelea na shughuli zake bila kusumbuliwa. Huyu, Globodera rostochiensis, aliripotiwa Kenya mwaka 2015. Ni mnyoo mdogo ambaye huwezi kumwona vizuri kwa macho. Hana pingili, hana miguu, hana moyo wala damu. Ana utumbo ulionyooka toka mdomoni hadi nyuma, na mdomoni ana sindano ya kutobolea mizizi.

Jike akifa, ngozi yake hukauka ikawa kifuko kigumu chenye mamia ya mayai. Kifuko hicho ni mwili wa mama mwenyewe. Mayai hayo yanaweza kukaa udongoni miaka 20, yakingoja mizizi ya kiazi ikaribie ndipo yaanguliwe. Ngano na shayiri, mazao ambayo Timau inayajua kuliko wageni wote, hayamlishi nematodi huyu hata kidogo. Kwa hiyo usizungushe mazao. Panda viazi juu ya viazi. Mbegu iliyothibitishwa na KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea, iache dukani. Omba gunia kwa jirani, na usisahau kuja na udongo wake.

Ukimaliza, mgeukie nyungunyungu, kwa hoja kwamba naye ni mnyoo. Tofauti ndogondogo zipuuze: kwamba mwili wake umegawanyika pingili kwa pingili, karibu kila moja na vinywele vya kushikia ardhi, kwamba ana damu na mishipa, kwamba anapumua kwa ngozi, na kwa hiyo sumu humwingia kwa urahisi, na kwamba amekuwa akikulimia bure. Ukimkata vipande viwili, hupati nyungunyungu wawili, hata watoto waape namna gani.

Hatua ya 5: Mpige jembe kila mwenye miguu mingi

Usijisumbue kumtofautisha jongoo na tandu. Wadadisi huangalia pingili: jongoo ana jozi mbili za miguu kwa karibu kila pingili, tandu ana jozi moja. Jongoo hula majani yaliyooza na akiguswa hujikunja. Tandu huwinda wadudu usiku, na akiguswa huuma. Jozi za tandu aliyekomaa huwa witiri, ndiyo maana hakuna tandu mwenye miguu 100 kamili. Na jongoo mwenye miguu zaidi ya elfu alitambulishwa kwa wanasayansi mwaka 2021 tu, kutoka Australia, akiwa na 1,306. Huyo kumhesabu ni kazi ya mshahara.

Konokono wa kwenye kabichi, mweleze kuwa ni dudu lisilo na haya. Usimwambie kuwa ana ulimi wenye meno maelfu, kwamba mwili wake ulijipinda tangu utotoni mpaka njia ya haja ikaja karibu na kichwa, na kwamba binamu yake ni pweza anayechomwa Lamu. Atajiona.

Hatua ya 6: Malizia kwa kinyonga

Siku ikiisha na dawa ikabaki kwenye pampu, mtafute kinyonga. Wa pembe tatu anaishi kwenye miteremko hii ya Mlima Kenya. Watu humwogopa, basi sababu unayo. Kwamba ana uti wa mgongo kama wewe, na kwamba maisha yake yote anakula wadudu uliokwenda kuwakopea, hilo lisikuzuie.

Ukizifuata hatua zote sita, kufikia msimu ujao utakuwa na utitiri wengi, nematodi wenye afya, udongo mgumu, na deni. Kwa yule asiyetaka mafanikio ya aina hiyo, ushauri ni mfupi. Ng'oa shina moja la kiazi linaloumwa, uoshe mizizi, utazame kama kuna vijipunje vya manjano au kahawia. Weka jani lililoliwa kwenye mfuko pamoja na yule aliyelila. Mpelekee afisa wa kilimo kabla ya kumpelekea mwenye duka. Na ukikuta miguu minane, usikubali kuuziwa dawa ya wenye sita. Kiookuzi hununuliwa mara moja. Dawa isiyofaa utainunua kila wiki.