Shangazi wa Wasanii: Wasifu Wako Unakusemea Nini?

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mchoraji, Dar es Salaam. Kila nikiomba ruzuku siambulii kitu. Wasifu wangu una kurasa sita na picha ya pasipoti. Nimekosea wapi?*
Mwenye Brashi, Mwenge

Marahaba mwanangu. Nimeusoma wote. Ukurasa wa kwanza nimejua dini yako, kwamba hujaoa, na kwamba unapenda "kubadilishana mawazo". Wa pili nikakutana na alama zako za kidato cha nne. Habari za michoro nimezikuta ukurasa wa tano, chini ya mafunzo ya udereva. Unaomba hela ya rangi au unaposa?

Punguza zibaki kurasa mbili: mafunzo ya sanaa, maonyesho ya peke yako, maonyesho ya pamoja, tuzo, na walioandika kuhusu kazi zako. Tangulia na ya karibuni. Kila mstari uwe na mwaka, jina la onyesho, ukumbi na mji. Kama umesajiliwa na Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), litaje hilo. Namba ya kitambulisho cha mpiga kura, hapana.

*Shangazi, mtalii alinunua mchoro wangu akaondoka nao Ujerumani. Naruhusiwa kujiita msanii wa kimataifa?*
Picasso wa Sinza

Kilichosafiri ni mchoro. Wewe bado uko Sinza. Andika: "Mkusanyiko binafsi, Ujerumani." Ni kweli tupu, na ina heshima yake. Ile aya ya wasifu wako ya "mbunifu mahiri asiye na mpinzani Afrika Mashariki" ifute leo hii. Chema chajiuza, na sifa mwachie atakayekuandikia barua ya kukupendekeza.

*Shikamoo Shangazi. Sikusoma chuo, nilifundishwa na mjomba karakanani. Sehemu ya elimu niiache wazi?*
Mpwa wa Fundi

Marahaba. Usithubutu! Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, hakupitia chuo cha sanaa. Alifariki mwaka 1972, na ndugu na vijana aliowafundisha ndio walioendeleza mtindo unaobeba jina lake mpaka leo. Andika "Mafunzo kwa fundi", kisha jina la mjomba, karakana na miaka uliyokaa naye. Ule ukuta wa saluni nilioukuta kwenye wasifu wako, uliolipwa kuuchora, uweke chini ya "Kazi za kuagizwa". Picha za harusi ya binamu ulizopiga kwa simu zibaki kwenye simu.

*Shangazi, mwisho wa kupokea maombi ni leo saa sita usiku na wasifu sijaugusa. Nisaidie haraka!*
Mbio za Mwisho, Tanga

Pole mwanangu, barua yako ilinifikia wiki iliyopita. Jiandae kwa ruzuku ijayo. Onyesho lako likifungwa, andika mstari wake kwenye wasifu kabla hujashusha picha ukutani. Na mimi niandikie mapema.