Mjomba Spana Anajibu: Goroli, Kitonga na Nyusi Zangu

"Shikamoo Mjomba Spana. Nina Land Cruiser ya mwaka 1978, injini ya petroli, 2F. Miezi hii nguvu imekuwa ikipungua kidogo kidogo. Juzi nikipanda Kitonga nilipitwa na lori lililobeba nondo, na utingo wake akanipungia mkono. Rejeta ilichemka kabla sijafika Ilula. Fundi anasema ni taimingi. Nifanyeje? Ni mimi Aliyepitwa, Iringa."

Marahaba, mwanangu. Umeanza vizuri. Wiki jana kijana mmoja aliniandikia "mambo vipi Mjomba", nami nikamshauri atie iliki kwenye rejeta. Sijui kama amerudi barabarani.

Sasa, kabla sijaligusa gari lako, ngoja nijiguse mwenyewe kidogo, maana wasomaji wapya wanaiona picha yangu tu na hawajui wanasema na nani. Mimi ndiye niliyetegesha taimingi ya gari la wagonjwa usiku wa manane, mvua inanyesha, sina kifaa hata kimoja, mgonjwa mwenyewe akinimulikia tochi. Nilitumia sikio. La kushoto. La kulia nimemwachia mke wangu, na ndiyo maana limechoka mapema.

Watu huniuliza: kwa nini plagi itoe cheche kabla pistoni haijafika juu? Swali hilo nililijibu kikamilifu kwenye harusi ya mpwa wangu, nilipopewa kipaza sauti niwape maharusi nasaha. Niliwaambia moto wa petroli haulipuki kwa mpigo kama mnavyodhani. Unatambaa ndani ya silinda kama moto wa nyasi, na kutambaa kunataka muda. Kwa hiyo cheche iwahi kidogo, ili moto uwe umekolea pale pistoni inapoanza kugeuka kushuka. Cheche ikichelewa, moto unaikimbiza pistoni iliyokwisha kuondoka: nguvu inaishia kwenye bomba la moshi, injini inachemka, gari linapanda mlima likihema. Ikiwahi mno, moto unaikuta pistoni bado inapanda, na hapo utasikia kugonga. Bwana harusi alitokwa na machozi. MC akaninyang'anya kipaza sauti kabla sijafika kwenye vile vyuma viwili vyenye springi ndani ya distributa, ambavyo hutanuka injini ikikimbia na kuiwahisha cheche zaidi na zaidi. Maharusi wale waliachana baadaye. Sehemu ya springi hawakuisikia.

Haya, gari lako. Injini hiyo, lita 4.2, silinda sita kwa mstari mmoja, Toyota waliianza mwaka 1975, na inataka cheche digrii 7 kabla ya pistoni kufika juu, injini ikinguruma yenyewe bila kukanyagwa, mizunguko 650 kwa dakika. Kwa mwendo huo digrii saba ni chini ya sehemu mbili za elfu za sekunde moja. Mimi nazisikia. Zinalia "tk".

Wewe usiyezisikia umewekewa goroli. Ndiyo, goroli, kama lile ulilochezea utotoni, ila dogo na la chuma, limezamishwa kwenye flaiwili. Pembeni, karibu na stata, kuna kidirisha chenye mshale. Goroli likikaa kwenye mshale, hapo ni digrii saba. Ule mstari ulio jirani yake ni pistoni juu kabisa. Tatizo ni kwamba kwa umri wa gari lako goroli hilo limezikwa kwenye grisi na vumbi la nchi nzima. Lifute kwa kitambaa chenye petroli, injini ikiwa baridi na sigara ikiwa mbali, kisha litie nukta ya rangi nyeupe. Mimi nilitumia rangi ya kucha ya mke wangu. Ilikuwa mpya, ya sikukuu. Tuendelee.

Kuna jambo moja ambalo gereji nyingi hawatakwambia, kwa sababu wanaona aibu, na mimi sina aibu. Goroli linapita dirishani mara mbili wakati rota ya distributa inazunguka mara moja. Moja ndiyo yenyewe, silinda namba moja ikiwa imebana hewa tayari kwa cheche; nyingine pistoni iko juu inasukuma moshi tu. Ukiifunga distributa kwenye ile ya pili, injini itakohoa moto kupitia kabureta. Najua kwa sababu nyusi zangu za sasa ni toleo la pili. Mke wangu, aliyekuwa amekaa kwenye ndoo anachambua mchele, aliuliza tu: "Umeweka kidole?" Maana yake: ung'oe plagi ya kwanza, ile ya mbele, uzibe tundu kwa kidole gumba huku mtu anaizungusha injini kwa mkono, hewa ikikisukuma kidole, hapo ndipo goroli ni la kweli. Wazo hilo nilikuwa nalo tangu zamani. Nilikuwa sijalitamka.

Kwa wanaopenda dawa za asili, ninayo moja isiyouzwa dukani. Siku tatu usile pilipili. Ya nne, weka kikombe cha chai ya rangi juu ya kichujio cha hewa, injini ikinguruma. Mawimbi yakielekea Mbeya, taimingi imewahi. Yakielekea Morogoro, imechelewa. Ikimwagika, kunywa iliyobaki, ongeza kashata.

Hapa nimekatizwa na barua ya dada mmoja wa Tanga: "Mjomba, mchumba wangu huchelewa kila miadi." Mwambie saa kumi, wewe fika saa kumi na nusu. Bolti usiikaze mpaka umempima akiwa amepata joto.

Tulikuwa wapi? Kwa shemeji yangu wa Dar es Salaam. Alikuja kunitembelea huko kwenu Iringa, nikamtegeshea taimingi kwa mapenzi, nikaiwahisha kidogo. Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, silinda haijai sana, mbano unapungua, basi injini inavumilia digrii moja mbili za ziada bila kulalamika. Shemeji akashuka nayo mpaka pwani. Akikanyaga mafuta, injini inalia kama kayamba la kwaya. Akanipigia simu kwa maneno ambayo gazeti hili halichapi. Nilimjibu kwamba mimi nilitegesha vizuri, bahari ndiyo iko chini mno.

Nilitaka pia kuwaeleza jinsi risasi ilivyotolewa kwenye petroli ya nchi za kusini mwa Sahara kufikia Januari 2006, risasi hiyo ambayo kazi yake ilikuwa kuzuia hako hako kakayamba, na jinsi nilivyokuwa nimeitabiri, lakini mhariri amesimama mlangoni na kunionyesha vidole vitano. Nadhani ni mistari.

Basi sikiliza, Aliyepitwa: anza na pointi ndani ya distributa, kile kidole kinachosugua kamu kimelika, mwanya umefumba, na mwanya ukifumba cheche inachelewa kila mwezi kidogo, ndiyo Kitonga yako hiyo, pima mwanya kwa fila kama kijitabu cha gari kinavyosema, ndipo ushike taimingi, ukianza na taimingi utarudia kazi, pasha injini joto, chomoa mpira wa vakyumu kwenye distributa uuzibe kwa bolti ndogo, taa ya taimingi ibane kwenye waya wa plagi ya kwanza, fanya jioni au kivulini maana mchana wa jua huoni kitu, legeza bolti ya shingo ya distributa, rota inaenda kama mshale wa saa kwa hiyo ukizungusha distributa kinyume chake unawahisha, goroli likitulia kwenye mshale kaza, pima tena kwa sababu ukikaza husogea, rudisha mpira, kisha nenda kilimani na gia kubwa ukanyage, ukisikia kayamba rudisha nyuma kidogo sana.

Na ile rangi ya kucha irudishe pale pale ulipoitoa, kifuniko kimekazwa, kabla hajarudi kutoka sokoni.