Nimeibeba Bunda Hadi Musoma

Vijana wanaoosha magari mjini kwetu wana imani moja ambayo sijui waliipata kwa nabii gani: kwamba gari ni juu tu. Lina paa, boneti, milango, vioo, na matairi ya kupakwa dawa mpaka yang'ae kama viatu vya mwanajeshi siku ya gwaride. Baada ya hapo gari linaelea hewani. Huko chini kwenye ekzosi, shokapu, bushi, breki na tanki la mafuta ni siri ya mwenye gari na Muumba wake.

Nasema kwa uchungu kwa sababu masika yameshatukalia Mara nzima. Musoma mjini huwezi kulalamika sana, lami ipo na mawe yapo. Tabu iko Bunda. Ukiacha barabara kuu iendayo Mwanza ukakunja kuelekea vijijini, unaingia kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule unaovimba ukilowa na kupasuka nyufa ukikauka. Ni udongo uleule wa ukanda wa magharibi wa Serengeti, ambako hata magari ya watalii yanayovutwa na matairi yote manne hulala njaa na watalii wake ndani. Pamba inaupenda udongo huo. Gari haliupendi, ila udongo wenyewe unalipenda gari kupita kiasi, na ukishalikumbatia hauachii.

Usiniulize nilifuata nini kule. Msiba. Serikali imejenga lami, ahsante sana, lakini sijawahi kuona msiba uliokaa kando ya lami. Harusi zina kumbi mjini. Maiti huzikwa nyumbani, na nyumbani ni ndani, ukivuka korongo, ukiuliza njia kwa watoto wanaochunga, mvua ikiwa imekesha inanyesha kwa heshima ya marehemu.

Butiama nako kuna lake. Kule ni changarawe inayogonga chini ya gari mpaka unajiuliza nani anapiga hodi. Na mvua ya Butiama ina ukoo. Inasimuliwa kwamba Mwalimu Nyerere alipozaliwa, tarehe 13 Aprili 1922, mvua ilikuwa inanyesha, ndiyo maana Wazanaki wakampa jina la Kambarage, mzimu wa mvua. Akafariki tarehe 14 Oktoba 1999, vuli ikianza kukusanya mawingu. Kwa hiyo Baba wa Taifa ametuachia tarehe mbili kubwa za kwenda kumzuru kaburini, moja imeangukia masika, nyingine imeangukia mlangoni mwa vuli. Sithubutu kumlaumu. Nasema tu kwamba mwenye gari dogo la Kijapani, ambalo tumbo lake karibu linagusa ardhi, angeomba japo sikukuu moja ya Agosti.

Basi nimerudi kutoka msibani. Nikiwa kwenye lami, spidi ikipanda kuelekea themanini, usukani ukaanza kutetemeka. Nikipunguza, unatulia. Nikiongeza, unatetemeka tena mpaka meno yanagongana. Nikampelekea fundi. Fundi hakuinama. Alisimama mbali, mikono kiunoni, akasikiliza injini iliyokuwa imezimwa, kisha akasema, "Mzee, hapo tairodi zimekufa. Na balansi imeondoka. Na shokapu za mbele nazo, kama unaipenda familia yako." Orodha ikaandikwa nyuma ya risiti ya mafuta. Jumla yake ningeweza kununua ng'ombe, tena wa maziwa.

Kijana wake mmoja, ambaye nadhani bado yuko kwenye kujifunza na hajaharibika, ndiye aliyechungulia ndani ya rimu. Akachukua bisibisi akachokoa. Likaanguka bonge la udongo mweusi, kavu, zito, limeshika umbo la rimu upande mmoja. Tairi la pili hivyo hivyo. Upande mmoja wa tairi una udongo, mwingine hauna, sasa likizunguka kwa kasi litaachaje kutetemeka? Nilimpa soda yake. Fundi mkuu alinitazama kama mtu aliyeporwa urithi.

Nikaenda kuosha. Povu likapigwa, mashine ya presha ikanguruma, gari likatoka jeupe mpaka wapita njia wakanipongeza. "Mura, umenunua lingine?" Nikamwita muoshaji.

"Kijana, na chini?"

"Chini tumeosha, mzee."

Nikainama. Naye, kwa adabu ya kwetu, akainama na mimi. Juu ya ekzosi kulikuwa na donge limening'inia, kubwa, lina majani.

"Na hilo?"

Akalitazama kwa makini.

"Hilo ni la gari, mzee."

Mwenye biashara akaja kuamua ugomvi. Akanieleza kwa upole kwamba chini ni bei nyingine, na sharti gari lipandishwe kwenye zege, na kwenye zege kuna lori bovu lililoegeshwa tangu kabla ya uchaguzi na mwenyewe hapokei simu. Halafu akaniuliza swali ambalo bado linanikera: "Kwani mzee, huko chini nani atapaona?"

Kutu itapaona! Maji ya mvua peke yake yangekauka, lakini tope linashika unyevu na kuuegemeza kwenye bati wiki nzima. Chini ya milango kuna vitundu vya kutolea maji, tope likiviziba maji yanabaki ndani ya mlango yakiula kimyakimya, rangi ya nje ikiwa inameta. Siku utakayoona lengelenge la kutu nje, ndani kumeshakwisha. Na mipira inayofunika ekseli ikichanika huku imefichwa na tope, mchanga unaingia kwenye grisi, na hapo ndipo utasikia ile kwa-kwa-kwa ukikata kona.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba gari hili lilipokuwa kwao liliheshimiwa tumbo. Kule kaskazini mwa Japani, Hokkaido, theluji ikianguka watu humwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke, na chumvi inatafuna chuma. Ndiyo maana mnunuzi mjanja wa Kitanzania, kabla hajatuma pesa, anaomba picha za chini. Anazikuza kwenye simu, anawaonyesha mashemeji, anamtumia fundi. Gari likiwa ng'ambo ya bahari watu wazima wanajadili chesisi yake kama wazee wa baraza. Likishuka bandarini likapata namba za T, chini panasahaulika mpaka siku ya kuliuza.

Jirani yangu mstaafu ana dawa ya kila jambo. "Peleka ziwani," akasema. "Sisi tulikuwa tunaliingiza majini, unakaa juu ya boneti, mawimbi yanaosha chini bure." Ni kweli, zamani ilikuwa hivyo, na wenzetu wa Kisumu, ziwa hilihili, wameosha magari ufukweni miaka na miaka wakigombana na wakubwa wao. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imekataza shughuli za namna hiyo ndani ya mita 60 kutoka kwenye ukingo wa ziwa, na sheria iwepo isiwepo, mji huu unakunywa maji ya ziwa hilo. Oili ya gari langu ningekutana nayo asubuhi kwenye chai. Nikamwambia hivyo. Akaguna, akasema chai ya siku hizi haina ladha hata hivyo.

Huyohuyo akanishauri nipulize oili chafu chini, eti kutu itakimbia. Kutu labda. Na bushi pia zitakimbia, maana oili inalainisha mpira mpaka unavimba na kuoza. Na vumbi la kiangazi likinasa kwenye oili hiyo, utahitaji panga.

Nikaamua kuliosha mwenyewe nyumbani, kwa sababu kulikuwa na jambo lingine ambalo kwa heshima ya wasomaji sikulitaja mapema. Barabara za vijijini kwetu tunazitumia pamoja na ng'ombe, na ng'ombe wa Mara hawabani kitu. Kilichoganda kwenye ekzosi hakikuwa udongo mtupu. Kila nikiwasha gari dakika kumi, samadi ilikuwa inakaangwa. Abiria wangu wa kwenda kanisani walishusha vioo vyote bila kusema neno, na mzee wa kanisa akaniuliza kama nimeanza biashara ya mifugo.

Nikapandisha gari upande mmoja kwenye kilima kidogo cha uani, nikaweka mawe nyuma ya matairi, jeki nikaiacha, maana jeki si ya kulalia chini yake. Mpira wa maji mkononi, kijiti cha kuchokolea, nguo za kazi. Udongo ule ukikauka hauna masihara, lazima uulowanishe, usubiri, ulowanishe tena, uchokoe. Alternata nikaikwepa. Maji yalikuwa yananiingia kwenye mkono wa shati na kutokea kiunoni. Watoto wa jirani walikuja kutazama, wakaleta na wenzao.

Jioni uani kulikuwa na rundo jeusi ambalo halmashauri ingeliona ingenidai ushuru wa kusafirisha udongo kutoka wilaya moja hadi nyingine. Nilidhani mama watoto atanigombeza. Alikuja na jembe. Akalikoroga rundo, akalinusa, akaita binti, wakalisambaza kwenye tuta nyuma ya jiko, udongo wa Bunda na mbolea yake ndani. Mchicha umeshatoka, umeshonana, majani mapana. Jirani mstaafu ameshaomba fungu.

Jana usiku ngurumo zilipoanza upande wa Bunda, mama watoto alisimama dirishani akasikiliza.

"Baba Neema," akasema, "kule kwa marehemu si kuna arobaini? Nenda ukawasalimie. Tuta la pili halijajaa."