Adabu za Kufua Penye Tangi la Majitaka

Kufua, kwa maana yake halisi, ni kuuhamisha uchafu kutoka kwenye nguo na kuukabidhi kwa maji. Swali ambalo mfuaji aghalabu haliulizi, kwa kuwa macho yake yako kwenye kamba ya kuanikia, ni wapi maji nayo huupeleka. Katika nyumba za Ghuba ya Chole, kisiwani Mafia, jibu liko hatua chache nyuma ya jiko, chini ya mfuniko wa zege, na lina tabia ya kujitokeza lenyewe siku ambayo wageni wamekwisha kuketi barazani.

Tangi la majitaka ni chumba cha chini ya ardhi ambamo maji hutuama na kujigawa matabaka matatu, yaani tope linalozama, mafuta yanayoelea, na maji ya katikati yanayochuruzika hadi kwenye shimo la kunyonyea, ambako ardhi huyachuja. Tope husagwa na bakteria, vijidudu visivyodai mshahara wala likizo, ila visivyostahimili dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Mfuaji anayemimina chupa nzima ili kanzu ya Ijumaa ing'ae huwa amewaangamiza watumishi wake wote kwa mkupuo, kisha hushinda akijiuliza harufu ile inatoka kwa jirani gani.

Mkosaji wa pili ni yule anayelimbikiza mashuka, mapazia, vyandarua na sare za shule hadi Jumamosi. Mashine ya kufulia humwaga makumi ya lita kila mzunguko, na mizunguko ikifuatana, maji huingia tangini kwa kasi inayolitibua tope, ambalo likifika kwenye shimo la kunyonyea huziba vinyweleo vya ardhi. Mfuaji wa beseni naye asijione salama, kwani mabeseni 12 yaliyomwagwa bafuni kabla ya adhuhuri ni mafuriko yaleyale, ila yamekuja kwa miguu.

Ardhi yenyewe, ambayo hapa ni mwamba wa matumbawe ya kale wenye matundu mengi, huongeza vituko viwili. Kwanza, maji ya visima vya mwamba huo ni magumu, maana yake yamebeba chokaa inayoizuia sabuni kutoa povu, hivyo mfuaji, akidhani sabuni ni hafifu, huongeza konzi juu ya konzi hadi tangi linapata povu ambalo beseni lilinyimwa. Pili, karibu na ufuo maji ya ardhini hupanda na kushuka pamoja na bahari, kwa hiyo anayefua mapazia wakati bamvua limejaa hukuta ardhi imekwisha kushiba, na maji yake humrudia kama barua iliyokosewa anwani. Kalenda ya mvuvi, kumbe, humhusu mfuaji pia.

Kisichochujwa na mwamba huishia ghubani, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995 ikiwa ya kwanza ya aina yake nchini Tanzania. Fosfati, madini yaliyomo katika baadhi ya sabuni za unga, hurutubisha mwani, nao mwani ukistawi kupita kiasi huyafunika matumbawe ambayo wazamiaji wamevuka mabara kuja kuyatazama.

Inampasa mwenye nyumba, basi, afue kidogo kidogo katika siku nyingi, apime sabuni badala ya kuikisia, afunge kitambaa mdomoni mwa bomba la mashine ili kinase nyuzi za nguo, na maji ya kusuuzia ayapeleke kwenye migomba iliyo mbali na kisima. Asiweke tumaini lake katika gari la kunyonya majitaka, kwani gari hilo, hata likipatikana, halipandi mashua ya kuvukia kisiwa cha Chole, kilichomo ghubani humo.