Jenasi ya Wajasiriamali Wanaosubiri Barua: Ainisho la Awali

Makazi ya jenasi Mjasiriamali ni ofisi yoyote ya Dar es Salaam ambamo menejimenti imeanza kusema "muundo mpya". Kabla ya maneno hayo kutamkwa, viumbe hawa ni wahasibu, maofisa masoko na madereva. Yakishatamkwa, wote hugeuka wafanyabiashara kabla chai ya saa nne haijapoa. Dalili ya kwanza ni sentensi inayoanza na "Mimi hata wakinipa barua leo…", ambayo haijapata kumaliziwa mbele ya bosi.

Msimu wenyewe umewekwa na sheria. Kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamtaka mwajiri atoe taarifa ya kusudio, aeleze sababu na afanye mashauriano kabla ya kumpunguza mtu. Wanasheria wanakiita kinga ya mfanyakazi. Sisi wa ainisho tunakiita kipindi cha kuatamia.

Spishi iliyoenea kuliko zote ni M. jedwali, anayefuga kuku ndani ya Excel. Huanza na vifaranga 500 wa mayai. Safu ya kwanza wanakula, safu ya pili wanataga, safu ya tatu anapandisha ghorofa Kigamboni. Kuku wake hawajui mdondo wala gumboro, hawaibwi, na kijana wa banda hajawahi kuaga kwenda msibani Iringa wiki ya chanjo.

Tatizo lake ni kalenda. Kiinua mgongo cha kisheria ni angalau siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka kamili wa utumishi, na miaka inayohesabiwa haizidi 10. Kwa kiwango hicho, aliyetumika miaka 10 na aliyetumika 24 wote wanaishia siku 70, posho zikiwa nje ya hesabu. (Kwa jirani zetu wa Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inataka siku zisizopungua 15 kwa mwaka, na haina huo ukomo wa 10. Habari hii isisomwe kwa sauti kantini.) Siku 70 za kazi ni mishahara mitatu hivi, yaani wiki 13. Kuku wa mayai huanza kutaga akiwa na wiki 18 mpaka 20. Hapo katikati kuku anakula, na mwenye kuku naye anakula. M. jedwali akifika kwenye pengo hilo, hulipaka rangi ya kijani akaendelea na ghorofa.

Zamani pengo lilizibwa na fao la kujitoa. Mabadiliko ya 2018 ya sheria za mifuko ya hifadhi ya jamii yalipoleta fao la kukosa ajira, theluthi ya mshahara kwa miezi sita, badala ya mtu kuondoka na michango yake kwa mkupuo, ilidhaniwa spishi hii ingetoweka. Wapi! Ilihamia kwenye matikiti maji, ambayo hukomaa kwa siku 75 hadi 90 na hivyo kukaa vizuri zaidi kwenye jedwali.

Wapo wanaotenga spishi ya M. kware, iliyolipuka Kenya mwaka 2013 na 2014, mayai ya kware yalipovumishwa kuwa dawa ya kila maradhi. Watu walitafuta vibali vya shirika la wanyamapori, KWS, maana kware ni ndege wa porini, wakanunua vizimba, wakangoja. Muda si mrefu kila mtu alikuwa na mayai ya kuuza na hakuna wa kuyanunua. Spishi hiyo naikataa. Ni M. jedwali yuleyule, kapata ndege mdogo zaidi.

M. fremu hutambulika kwa mlio: "lokesheni, lokesheni". Hulipa kodi ya miezi sita mbele, humpa dalali mwezi wake, huweka vigae na bango la taa, na siku ya kufungua duka huona mtaji wote uko ukutani. Kuhusu M. kadi, mshauri mwelekezi aliyesajili BRELA kampuni yenye jina refu kuliko akaunti yake, itoshe kusema kwamba mteja anayemtegemea ni mwajiri aliyempunguza.

Anabaki M. droo, ambaye wenzangu wengi hawamhesabu kabisa. Ni yule dada wa masijala mwenye korosho kwenye droo ya chini, vitenge kwenye kabati la mafaili, na daftari. Neno ujasiriamali hulitamki mbele yake bila kuulizwa deni la mwezi wa tatu. M. jedwali humwita mchuuzi, kisha humnong'oneza, "Dada, niandikie na hii."

Udhaifu wake haujaandikwa popote. Soko lake zima linalipwa na mwajiri mmoja, tarehe moja. Barua zikitoka anapigwa mara mbili: mshahara unakwenda, na wadaiwa wanaondoka wakibadilisha laini. Ndiyo maana huichunguza kampuni kuliko wakaguzi wa hesabu. Anajua gari lipi halijawekewa mafuta, idara ipi imenyimwa karatasi, na meneja yupi ameanza kubeba picha zake nyumbani moja moja. Siku atakapofunga daftari na kusema, "Kaka yangu, mwezi huu keshi tu," taarifa ya kusudio iko njiani. Sijaona kipimo kinachokishinda hicho.

Yanayompata baada ya barua hayajatafitiwa vya kutosha. Kisa kimoja ninachokifahamu ni cha M. droo aliyemfuata M. fremu hadi dukani kwake kudai vitenge. Hela haikuwepo. Walikaa, wakapiga hesabu, wakakubaliana: dada akachukua fremu kwa miezi minne ya kodi iliyobaki, lile deni likiwa sehemu ya malipo. Vigae ameviacha. Bango la taa ameliuza.