Tazama Janti Kabla ya Kupanda

Krrrrr! Kwa sauti hiyo hakuna haja ya kugeuza shingo. Hapa Kamatanda, pembezoni mwa Likasi, tunaijua kama tunavyoijua honi ya treni: ni janti inakwaruzana na ukingo wa saruji wa mfereji. Benchi zima la fundi wa mipira linasonya kwa pamoja, wazee kwa vijana, na mama wa karanga anatikisa kichwa. Dereva hashuki. Hata kwenye kioo hatazami. Msaidizi wake ananing'inia mlangoni, "Likasi, Likasi, nafasi moja!", abiria anajibana ndani, gari linang'oka na mkwaruzo mpya mweupe umezunguka gurudumu la kulia kama kovu la juzi.

Aka! Uchungu unanishika kila mara.

Jumamosi iliyopita nilikaa pale nikingoja mpira wa baiskeli yangu uzibwe, nikaanza kuhesabu. Magari kumi na manne ya abiria yalisimama mbele yetu. Yenye janti nzima upande wa kulia yalikuwa mawili tu. Kati ya yaliyobaki, moja lilikuwa na janti zilizolika mdomo mzunguko mzima, kama sufuria iliyogongwagongwa. Jingine, gurudumu la nyuma lilikuwa na nati tatu mahali pa tano, na ndani yake walikaa watu saba na mtoto mchanga.

"Yaya, ile iko kitu kidogo," akaniambia kijana mmoja wa pikipiki. "Ni rangi tu imetoka. Gari iko inatembea."

Maneno hayo nimeyasikia miaka nenda miaka rudi. Janti, ile wenzetu wa Dar es Salaam wanayoiita rimu, si hereni ya gari. Ndiyo inayoshika mpira, na mpira ndio mahali pekee gari linapogusa ardhi: vipande vinne, kila kimoja kadiri ya kiganja cha mtu mzima. Watu saba na mtoto mchanga wanabebwa na viganja vinne. Anayevigonga kila siku kwenye saruji na kusema ni rangi tu, hajui anabeba nini.

Fundi wetu si mtu wa maneno mengi. Aliinuka, akaleta mpira alioutoa kwenye teksi asubuhi, akaniwekea mapajani. "Shika hapa." Nikapitisha vidole ubavuni. Palikuwa na uvimbe laini, kama nusu ya yai la kuku chini ya ngozi. Nje hapakuwa na tundu wala mpasuko, ila alama ya kijivu ya saruji. Akaupanua akanionyesha ndani: mstari mwembamba, mfano wa ufa kwenye kioo. Hapo ndipo nyuzi zilipokatika. Gari likipanda ukingo kwa kishindo, ubavu wa mpira unabanwa kati ya saruji na mdomo wa janti, kama kidole kinavyobanwa na mlango. Ngozi ya nje inanyooka kisha inarudi, haionyeshi kitu. Lakini zinazozuia upepo ni zile nyuzi za ndani, na zikikatika hazishikani tena. Upepo unasukuma palipodhoofika, na uvimbe unatokeza. Ubavu hauna kiraka. Mpira huo umekwisha kazi, hata kama bado unazunguka.

Na hautapasuka hapa kwetu, kwenye vumbi jekundu, gari likijikokota kati ya baiskeli na magunia. Utapasuka siku utakapopelekwa Lubumbashi, kilomita kama 120, jua la Oktoba likichemsha lami, gari limejaa hadi mlangoni, dereva anafidia muda alioupoteza kutafuta abiria. Gurudumu la mbele likipasuka katika mwendo huo, usukani unakwenda upande wake wenyewe, na dereva ana pumzi moja ya kuamua. Kosa lilitendeka hapa, siku nyingi nyuma, tulipolisikia likilia krrrrr na kusonya.

Nikamuuliza fundi habari ya janti yenyewe. Akaniambia kuna za namna mbili, na watu wanazichanganya. Ya chuma ikigongwa inakunjika. Ukiipata mapema, nyundo na mkono mzuri vinairudisha. Ya aluminiamu, ile inayong'aa, ambayo vijana wanaipenda, haina huruma hiyo: inakwaruzika, inamegeka, mwisho inapata ufa. Ufa unaweza kuwa mwembamba hata jicho lisiuone, na upepo ukatoka usiku kucha polepole. Yeye anaupata kwa maji ya sabuni: anapaka mdomo wa janti, anangoja, povu linaanza kuchemka mahali pamoja. Wapo wanaoichomelea na kuirudisha barabarani, na kwa macho imepona. Fundi wetu anakataa kuichomelea. Moto unalainisha aluminiamu iliyouzunguka ufa, anasema, na yeye ana watoto wanaopanda magari hayohayo.

Tusimtwike dereva kila kitu, maana haki ni haki. Kuna mikwaruzo isiyo yake. Zamani shaba ya Katanga ilisafiri kwa reli, na reli ya SNCC, shirika la reli la taifa, bado inapita hapa kwetu; leo mzigo mwingi umehamia kwenye malori yanayoshuka kutoka Kolwezi kwenda Kasumbalesa. Malori hayo yanavunja kingo za lami, mvua za Novemba hadi Aprili zinakomba udongo wa pembeni, na lami inabaki na kisigino kirefu. Dereva wa gari dogo akisukumwa nje na lori, gurudumu linaanguka chini ya kisigino hicho. Hapo ndipo namjua dereva na asiye dereva. Mwenye akili anapunguza mwendo, anatembea pembeni hadi apate mahali pa kupandia. Mwenye haraka anakata usukani hapohapo, mpira unajikwangua kwenye lami iliyokatika, janti inauma jiwe, na gari linaporudi barabarani linarukia upande wa pili.

Huko upande wa pili kuna nini? Sote tuliolia mwaka 2019 tunajua. Mwezi Februari mwaka huo, lori lililobeba tindikali ya salfuri, ile inayotumika migodini kuyeyushia shaba na kobalti kutoka kwenye mawe, lilipata ajali pamoja na magari mengine kijijini Kabwe, kwenye barabara ya Lubumbashi na Kolwezi. Watu wasiopungua 18 walikufa. Simsemi dereva yeyote wa siku ile. Nawasema wale tunaoshiriki nao barabara hii. Ukiyumba kwa sababu ya mpira uliouumiza mwenyewe, unayemwendea uso kwa uso huenda amebeba tindikali.

Kisha kuna hili la usukani. Kongo tunaendesha kulia, lakini magari yetu mengi ni ya mtumba kutoka Japani, yanapitia Dar es Salaam au Durban, na usukani wake uko kulia. Dereva wa gari la namna hiyo anapotaka kulipita lori haoni mbele, abiria wa kiti cha pembeni ndiye anayemwambia, "Pita!" Nimewahi kukaa kiti hicho. Niliambiwa nitazame, nami sijui hata kuendesha. Mikono ilinitoka jasho hadi Likasi. Lakini sasa nifikirieni kidogo: usukani ukiwa kulia, dereva amekaa juu kabisa ya mfereji. Ukingo uko chini ya kiwiko chake. Wa usukani wa kushoto anaweza kusema hakuuona, uko mbali naye, gari zima liko katikati. Huyu wa kulia anauona kuliko sisi tuliokaa kwenye benchi, na bado anaukwangua! Huko si kutoona. Ni kutojali, hakuna jina lingine.

Nilimwuliza mmoja wao, kijana mpole, ametulia, si mlevi. Akasema kwa sauti ya chini: "Baba, gari si yangu. Magaribi patroni anangojea pesa yake, ikipungua kesho ananipokonya ufunguo. Nikisimama polepole, yule wa nyuma yangu amekwisha chukua abiria." Nilimhurumia, na namhurumia hata sasa. Mwenye gari anahesabu noti za jioni. Gurudumu halitazami hadi siku gari litakapolala barabarani, na hapo anamkata dereva gharama yote. Basi dereva anaficha. Mpira wenye uvimbe anauhamishia nyuma, upande wa ndani usioonekana, akimwomba Mungu ufike mwezi mwingine. Mwenye gari anayeishi kwa namna hii ana sehemu yake katika kila krrrrr tunayoisikia, na ningependa alisikie hili kutoka hapa kijiweni, kwa heshima zote.

Baba yangu mkubwa aliendesha malori ya mgodi tangu mji huu ukiitwa Jadotville, kabla jina la Likasi halijarudi mwaka 1966. Kila alfajiri, kabla ya kuwasha injini, alizunguka lori na kipande cha nondo, akigonga mpira mmoja mmoja na kuinamisha sikio. Mpira mzima unaitika, alituambia, wenye upepo mdogo unanyamaza. Nikiwa mtoto nilidhani anaupigia ngoma. Alistaafu bila kumwaga damu ya mtu, na janti zake, sisi watoto tulizipaka matope makusudi ili tumwone akizifuta kwa kitambaa cha mfukoni.

Sheria tunayo. Sheria ya barabara ya nchi hii, ile iitwayo "mpya", ilitiwa sahihi tarehe 30 Agosti 1978, imezidi umri wa madereva wengi wanaopita hapa. Barabarani tunaombwa karatasi: bima, vinyeti ya kodi, cheti cha ukaguzi wa gari. Karatasi zinatolewa, zinatazamwa, zinarudi mfukoni. Mtu wa kuchuchumaa kando ya gurudumu na kupitisha mkono ubavuni, huyo sijamwona bado. Kwa hiyo tuchuchumae wenyewe. Si elimu ngumu. Kabla ya kupanda, tembea nusu ya gari. Tazama mdomo wa janti: ukiwa umelika mzunguko mzima, umekwisha kujua tabia ya mwenye usukani. Tazama ubavu wa mpira kama una jipu. Hesabu nati. Na fundi alinifundisha jambo jingine ambalo tangu siku ile silisahau: ubavuni, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukisoma 2314, mpira huo ulitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Kuna mipira ya mtumba inayouzwa kwetu kwa kung'arishwa kwa rangi nyeusi, na umri wake unaweza kumtosha mtoto wa shule. Tarakimu hizo hazifutiki kwa rangi.

Mtu atasema nikichagua hivyo sitasafiri. Kweli, Jumamosi ile nilipoamua kuiacha baiskeli na kupanda gari kwenda kwa shangazi, nilichelewa. Niliyaacha magari matatu yapite. Shangazi yangu alipiga simu mara mbili akiniuliza kama ninakuja ama sivyo, bukari, ugali wetu, linapoa.

Wakati nikingoja, lile gari la nati tatu lilirudi kutoka mjini, likasimama papo hapo, krrrrr, likashusha watu. Safari hii dereva alishuka. Akaja moja kwa moja kwenye ule mpira wenye uvimbe niliokuwa nimeuegemeza kwenye benchi, akaubonyeza kwa kidole gumba, akamwuliza fundi: "Baba, ile unauzisha bei gani? Nitaweka nyuma, si ya mbele."

Fundi hakumjibu. Alichukua kisu chake kirefu, akakichovya kwenye maji, akautia mpira katikati ya miguu na kukata ubavu wote kuuzunguka, taratibu, hadi ukatoka kama pete. Kipande cha juu akakitupia upande wa fundi wa viatu. Kisha akaanza kupekua kopo lake la nati, akijaribu moja moja kwenye kidole, hadi akapata mbili zinazolingana.

"Mudogo, leta gari hapa nikufungie hizi. Sitaki pesa."

"Sina muda, Baba. Abiria wamekwisha kaa."

Akageuka kurudi kwenye usukani, akawasha injini. Lakini gari halikuondoka. Mama wa karanga alikuwa amekwisha kusimama mbele yake na beseni kichwani, miguu yote miwili kwenye lami, na hakusogea hadi nati ya tano ilipokazwa.