Chiriku Ng'ambo ya Mto

Kando ya mto mpana aliishi Chiriku, mtunzi wa nyimbo. Aliimba mvua ikichelewa na mchele ukipanda bei, aliwatania wazee wenye makuu, aliwachekesha watoto, na usiku wa manane alimlilia Muumba wake. Yote yalitoka koo lile lile, na majirani hawakuona ajabu.

Mwaka mmoja akaugua. Akiwa kiotani anapata nafuu, akaanza kuzigeuza nyimbo zake kwa lugha ya Korongo wa ng'ambo. Hakutumwa na mtu. Ngoma ilikuwa nzito kuvuka nayo, akaiacha ufukoni. Utani nao akaubwaga: Korongo wangecheka nini, na huyo mzee anayetaniwa hawamjui? Akapunguza, akapunguza, hadi mkononi zikabaki zile za kumlilia Muumba.

Korongo walimsikiliza wakiwa wamesimama kwa mguu mmoja. "Huyu ni mtawa!" wakasema, wakamvika taji. Chiriku akajitazama majini, akaona limemkaa. Naye akakunja mguu.

Ninayemwaza hapa ni Rabindranath Tagore. Mwaka 1912 maradhi yaliiahirisha safari yake ya Uingereza, naye akajiliwaza kwa kutafsiri mashairi yake ya Kibengali. Vina na mizani vikawa nathari ya Kiingereza, kikatoka kitabu cha Gitanjali, na mwaka 1913 akapewa Tuzo ya Nobel. London ilimwona nabii wa Mashariki. Kwa Wabengali alikuwa pia mtunzi wa tamthilia, wa hadithi fupi, wa mashairi ya kuwachezesha watoto. Baadaye yeye mwenyewe alizisikitikia tafsiri zile. Mimi simwiti mwongo, maana kila alichokivusha kilikuwa chake. Kinachoniuma ni vile alivyoviacha, kwa kuwa navyo vilikuwa yeye.

Miaka ikapita. Chiriku akawapelekea Korongo wimbo wa bei ya mchele. Wakatazamana. "Huu si wako," wakasema. "Tupe ule wa Muumba." Akawapa, wakasinzia katikati, walikwisha kuuzoea.

Akarudi kwao. Mjukuu akamrukia begani.

"Babu, ni kweli ng'ambo hucheki?"

"Sicheki."

"Hata kidogo?"

"Wananijua hivyo, mwanangu."

Mjukuu akafikiri. "Basi zile ulizoziacha nitazivusha mimi. Na ngoma nitaibeba. Tuanze na upi?"

"Ule wa mchele," akasema Chiriku. "Lakini kaa vizuri, una kiitikio kirefu."